Biro iko Goma, bakapu iko ku klaudi: maswali tunayoulizwa kila mara juu ya vifaa vya kuunganisha

Haya maswali yanarudi kila wiki, toka kwa watu wa mikrofinansi, hopitali, shule, ONG, depo za vinywaji, na karibu wote wanaanza na bei ya kifaa. Bei iko chini huko, lakini someni kwanza ile ya tatu, juu ndiyo inayotuuma zaidi kuona watu wanaisahau.

Hicho munachoita getwei ni nini, si ruta tu?

Mara nyingi ndiyo, ni ruta yenye kazi nyingi. Upande mmoja inashika waya za biro, yaani swichi, seva ya hesabu, printa, kamera, upande mwingine inashika intaneti moja ao mbili. Katikati inafanya mambo matatu: inajenga njia ya siri (VPN) mpaka ku klaudi, yaani seva za kukodi zilizo mbali, inachagua laini gani ipitishe nini, na inafungia mulango wasiohusika.

Halafu kuna aina ya pili, getwei ya kuhifadhi. Hiyo ni kompyuta ao mashine pepe (kompyuta ya programu ndani ya kompyuta ingine) yenye disk kubwa, seva zako zinaiona kama folda ya kawaida ya mtandao, zinaandika humo haraka, kisha yenyewe inatuma ku klaudi pole pole huku watu wanaendelea na kazi. Wauzaji wengine wanachanganya hizo mbili kwa jina moja, kwa hiyo mbele ya kulipa uliza swali moja tu: kuranti ikikatika sasa hivi, kile ambacho hakijatumwa kinabaki wapi? Akishindwa kukujibu, rudi nyumbani na franga zako.

Tuko na disk ya nje, kila Ijumaa tunakopi. Haitoshi?

Mutu wa Goma anauliza hivyo kweli? Tarehe 22 mwezi wa 5, 2021, Nyiragongo ilipasuka jioni, lava ikashuka mpaka Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Siku tano nyuma, asubuhi ya tarehe 27, gavana akaamuru mitaa 10 kati ya 18 iondoke, watu karibu 400,000 wakatoka kwa miguu, kwa pikipiki, kwa mashua, wengine Sake, wengine Minova, Rutshuru, Bukavu, Gisenyi. Sasa angalieni vizuri: biro nyingi za mjini hazikuungua. Zilikuwa zimesimama pale pale, disk imelala mu droo, na mpaka mwezi wa 6 kufika ndani ya biro yako ilikuwa shida. Data ilikuwa nzima lakini hakuna wa kuifikia.

Mu 2002 ilikuwa ingine. Tarehe 17 mwezi wa 1 lava ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, ikameza maduka na sehemu ya uwanja wa ndege. Hapo data ilikufa kabisa.

Kwa hiyo musihesabu hatari moja tu. Kuna biro kuungua na kuna biro kufungika, na hapa kwetu ya pili inakuja mara nyingi zaidi. Disk msitupe, ni njia ya haraka kuliko zote kurudisha faili lililofutwa kwa bahati mbaya. Kanuni ya zamani inasema kopi tatu, ku vifaa vya aina mbili, moja ikae mbali na hapa, na disk yenu ni moja kati ya hizo tatu.

Kama data inaenda ku klaudi kila usiku, si tumemaliza?

Hapana, na hapa nawaomba mutulie.

Kile kifaa kinakaa mu biro. Biro ikienda, kinaenda nayo, na mara nyingi ndani yake ndimo kulikuwa funguo ya kufungulia bakapu, nywila ya akaunti, mipangilio yote ya VPN, na yule kijana anayejua kila kitu, simu yake imezima ao yuko barabarani na familia. Data iko salama kabisa Cape Town ao Paris na hakuna mutu duniani anayeweza kuifungua. Programu ya bakapu kama restic inafunga kila kitu kwa nywila toka mwanzo, ni jambo zuri sana, lakini nywila ikipotea basi, hakuna kampuni ya kupigia simu, hakuna mulango wa nyuma.

Wengi wanafikiria njia ya kwenda tu. Njia ya kurudi ndiyo kazi yenyewe, na isipite hata kidogo ndani ya kile kifaa wala ndani ya ile nyumba. Fanyeni hivi: ingiza mutu wa pili aliye nje ya Goma, tuseme mwenzenu wa biro ya Bukavu ao Kinshasa, apewe funguo ya bakapu iliyochapishwa ku karatasi ndani ya bahasha iliyofungwa. Toeni kopi ya mipangilio ya ruta kila mara mukibadilisha kitu, muiweke huko huko. Na kodi, zile namba za muda za kuingia ku akaunti ya klaudi, zisije kwa SMS, juu siku ile ile munayohitaji kuingia ndiyo siku ambayo mtandao wa simu umejaa ao umezima, tumieni programu ya kodi ku simu mbili za watu wawili tofauti.

Kifaa kipya cha dola 150 kinanunuliwa popote. Ile bahasha hainunuliki.

Munatuuliza "munaweza kupoteza masaa mangapi", maana yake nini?

Ni maswali mawili. La kwanza: tukirudi, tukubali kuandika upya kazi ya muda gani? Mikrofinansi inayopokea akiba siku nzima haiwezi kusema siku moja, itasema dakika 15, juu hakuna anayekumbuka mama fulani aliweka ngapi saa nne. Shule inaweza kusema siku mbili bila shida. La pili: tunaweza kukaa muda gani bila mashine kufanya kazi? Hopitali na shule hazitajibu sawa.

Majibu hayo ndiyo yanachagua kifaa. Boss akisema "sitaki kupoteza hata dakika", tunamuonyesha bei ya hilo jibu, na mara nyingi tunarudi ku saa moja kwa amani.

Laini yetu ni megabiti 10. Itatosha?

Kwanza hakikisheni ni 10 ya kupandisha, si ya kushusha, juu laini nyingi za hapa zinashusha vizuri na kupandisha vibaya, na bakapu inapanda.

Hesabu ni rahisi. Megabiti 10 ikifanya kazi bila kupumua inapitisha GB 4.5 kwa saa. Kama muko na GB 500, kopi ya kwanza itachukua masaa 111, yaani siku nne na nusu, na hiyo ni bila kukatika hata mara moja na bila mutu mwingine kutumia. Mu maisha ya kweli hesabuni wiki na zaidi. Lakini ikisha kupita ile ya kwanza, kila usiku kinaenda kile kilichobadilika tu: GB 5 zinapita kwa saa moja na dakika kidogo. Wekeni mpaka ku kifaa, mchana bakapu ipate megabiti 2, usiku iachiliwe yote, bila hivyo watu wa biro watachomoa waya wenyewe.

Lakini hesabu ya kurudi musiisahau. GB 500 za kushusha kwa laini ile ile mbovu, wakati mji mzima unapigia ndugu simu, haiwezekani. Mwezi wa 6, 2017 kampuni ya meli Maersk ilipigwa na virusi ya NotPetya, seva zao zote za utambulisho (zile zinazojua nani anaruhusiwa kuingia) duniani zikafutika, isipokuwa moja ya biro ya Ghana, ambayo ilikuwa imezima juu kuranti ilikuwa imekatika. Wakataka kuituma Uingereza kwa intaneti, laini ikawa ndogo sana, ingechukua siku nyingi, mwishowe mutu wa Ghana akapanda ndege mpaka Nigeria kupeana disk kwa mwenzake, mkono kwa mkono. Kampuni kubwa namna hiyo! Kwa hiyo sisi tunashauri mpango wa kurudi usiwe kushusha kila kitu Goma. Washeni seva ya dharura huko huko ku klaudi, data iko jirani nayo tayari, na watu waiingilie toka Bukavu ao popote walipo kwa laptopu na VPN. Kinachopita ku laini basi ni picha ya kioo cha kompyuta tu, na hiyo hata 4G inaweza.

Tuko na laini mbili za kampuni mbili. Tuko salama?

Inategemea zinakutana wapi. Kampuni mbili zinaweza kukodi fibre moja, ao kutoka mjini kwa barabara moja, ao kuvuka mpaka mahali pamoja kwenda Rwanda na kutokea bahari ya Hindi. Tarehe 12 mwezi wa 5, 2024 kebo za EASSy na Seacom zilikatika baharini siku moja, Afrika ya mashariki ikakwama. Upande wa magharibi vile vile: mwezi wa 8, 2023 ardhi iliporomoka chini ya bahari mbele ya mto Kongo, WACS na SAT-3 zikakatika, na mwezi wa 3, 2024 kebo nne zikakatika karibu na Abidjan.

Uliza kila kampuni: intaneti yangu inatokea bahari gani? Ukiwa na moja ya mashariki na ingine ya Kinshasa na magharibi, hapo umefanya kazi. Setelaiti ni njia ya tatu nzuri, ARPTC, mamlaka ya mawasiliano ya Kongo, iliipa Starlink leseni mwezi wa 5, 2025 kisha ya kuikataza mwaka uliotangulia, lakini ulizeni kanuni za mahali mulipo mbele ya kuweka sahani ku dari.

Na kifaa kijaribu kweli kama laini iko hai. Wengi wanakiacha kiangalie waya tu, waya inaonyesha taa ya kijani, kumbe intaneti imekufa kilometa 200 mbele. Mupange kipige pingi (kiulize "uko?" na kusubiri jibu) ku anwani mbili za mbali, zikikosa kujibu mara tatu kihame laini.

Klaudi ya wapi ni nzuri kwa mutu wa Goma?

Zilizo Afrika: Microsoft iko Johannesburg toka 2019, AWS (klaudi ya Amazon) Cape Town toka 2020, Google Johannesburg toka 2024. Ku ramani ziko karibu kuliko Paris, lakini data haifuati ramani, mara ingine kwenda Cape Town inapitia Ulaya kwanza. Pimeni wenyewe na traceroute (amri inayoonyesha njia data inapopitia) toka biro yenu, mchana na usiku. Kwa bakapu ya usiku mwendo wa kurudi na kwenda si shida sana. Kwa kufanya kazi ku seva iliyo huko, ni shida.

Kitu kimoja kinachosumbua bila watu kujua: kifaa cha zamani kinachotuma KB 64 kisha kinasubiri jibu, na jibu linachukua milisekunde 200, hakitapita megabiti 2.6 kwa kila muunganisho hata ukilipia 100. Watu wanalipia laini kubwa kila mwezi bure. Dawa ni kifaa na programu za sasa, ao kutuma kwa miunganisho mingi kwa pamoja.

VPN imeunganika, pingi inapita, lakini mafaili makubwa yanakwama. Juu ya nini?

Karibu kila mara ni ukubwa wa pakiti. Waya ya kawaida inabeba baiti 1500, VPN inaongeza maganda yake, pakiti inakuwa kubwa kupita njia na inatupwa kimya kimya. Ku ruta shusheni MSS (kipimo cha data ndani ya kila pakiti) mpaka 1350 hivi, jaribuni tena. Tumeona watu wamebadilisha kifaa kizima juu ya mstari mmoja huo.

Tunatumia SIM ya 4G, hatuna IP ya hadharani (anwani inayofikiwa toka nje). VPN itawezekana?

Itawezekana, lakini kifaa chenu ndicho kianze kupiga hodi ku klaudi, klaudi haiwezi kuwapigia. Kama VPN yenu ni ya aina ya IPsec, ipite ku mulango wa UDP 4500, ama mutumie WireGuard, aina ingine ya VPN, na kuiambia itume kitu kidogo kila sekunde 25 ili njia isifungwe.

Klaudi imetupa njia mbili za VPN, tumeweka moja na inaenda vizuri. Ya pili ya nini?

Ya siku ambayo wao wanafanya matengenezo. AWS inatoa mbili kwa kila muunganisho juu moja inaweza kushuka wakati wowote wakiishugulikia. Wekeni zote mbili, leo.

Kuranti inakatika kila mara. Kifaa kitaharibika?

Ruta ndogo haiogopi sana kuzima. Getwei ya kuhifadhi inaogopa, juu ina vitu mu disk ambavyo bado havijapanda. Ile ya AWS kwa mfano inataka angalau GB 150 za disk ya kache, na aina zake zingine zinataka GB 150 zingine za vinavyosubiri kutumwa, fikirieni hizo zinazimika katikati ya kuandika. Onduleri (batri inayoshikilia mashine kuranti ikienda) iunganishwe kwa waya ya USB ili iambie mashine "zima vizuri" batri ikifika chini, si kupiga kelele tu. Kwa ruta peke yake batri ya volti 12 ya 7Ah inabeba kifaa cha wati 12 masaa kama matano, kuranti ya SNEL irudi ao ya Virunga irudi, wewe uko hewani. Ni kitu cha bei ndogo, na sielewi kwa nini biro nyingi hazina.

Radi sasa, hiyo ndiyo muuaji wa vifaa wa hapa. Milima ya Kivu ni kati ya sehemu zinazopigwa radi nyingi duniani, na mji wetu umejengwa juu ya mawe ya lava ambayo hayapitishi umeme vizuri, kwa hiyo ile fimbo ya ardhini mufundi aliyopigilia kwa nyundo mara tatu ikagoma, akaikata na kuifunika na udongo, haifanyi kitu. Lazima ardhi ipimwe na chombo, fimbo ziwe nyingi, udongo uletwe. Na waya toka antena ya dari ipite ku kizuia radi mbele ya kufika ku ruta. Kama inawezekana wekeni kipande cha fibre kati ya dari na chumba cha seva, fibre haibebi radi.

Virusi ikifunga kompyuta za biro, klaudi itatuokoa?

Kama munachofanya ni kusinkronaiza folda, hapana: mafaili yaliyofungwa na virusi yatapanda na kufunika yale mazuri, haraka na bila kosa. Munahitaji matoleo ya zamani yabaki, na munahitaji kufuli ya muda, yaani kopi ambayo kwa siku 30 hakuna anayeweza kuifuta, hata mwenye akaunti. Tena ile funguo iliyo ndani ya getwei iwe na haki ya kuandika tu, isiwe na haki ya kufuta. Anayeingia mu biro yenu atatafuta bakapu kwanza, ndiyo kazi yake.

Inagharimu ngapi?

Ruta nzuri ya biro ya watu 20 yenye laini mbili na VPN ni kati ya dola 100 na 300, ruta ya MikroTik ya kawaida ao kompyuta ndogo yenye programu ya OPNsense inafanya. Kupandisha data ku klaudi kubwa kwa kawaida ni bure. Kuishusha ndiyo wanalipisha: AWS ya Marekani ni karibu dola 0.09 kwa GB ikisha kupita GB 100 za bure kwa mwezi, Cape Town ni ghali zaidi. Ile hifadhi ya bei ya chini kabisa ya AWS, Deep Archive, inakufanya usubiri mpaka masaa 12 mbele ya kugusa data, ao 48 ukichagua bei ndogo. Ni nzuri kwa hesabu za miaka iliyopita, haifai kwa za wiki hii.

Na nani analipa? Swali hili watu wanalicheka mpaka siku kadi inakataa. Toka mwisho wa mwezi wa 1, 2025 benki za biashara hapa Goma zilifunga milango, na fatura ya klaudi haikuacha kuja. Kadi isipolipa akaunti inasimamishwa, kisha data inafutwa. Wekeni kadi mbili, moja ya mutu ao biro iliyo nje ya mji, na barua pepe za fatura zifike kwa watu zaidi ya mmoja.

Sheria inaturuhusu kuweka data za wateja nje ya nchi?

Sheria ya numeriki ya Kongo (Code du numérique) ya tarehe 13 mwezi wa 3, 2023 inalinda data za watu na inaweka masharti ya kuzitoa nje. Hopitali na mikrofinansi, ongeeni na mwanasheria mbele ya kuchagua eneo. Kufunga data na funguo inayobaki kwenu, mbele haijatoka biro, hilo fanyeni bila kusubiri mutu.

Tutajuaje kama inafanya kazi?

Kwa kurudisha kweli. Kila mwezi chagueni faili moja bila mpango, mulirudishe, mulifungue, musome ndani. Kila miezi mitatu fanyeni ile kubwa: Jumamosi zimeni getwei, chomoeni waya, na yule wa Bukavu mwenye bahasha ndiye awashe seva ya dharura, peke yake, bila kumpigia simu mufundi wa Goma. Mufundi akae pembeni na asiseme kitu, hata akiona mwenzake anakosea, aandike tu. Mutu wa hesabu aingie toka nyumbani kwa 4G, afungue kitabu cha siku iliyopita, atoe risiti moja. Andikeni saa mulioanza na saa risiti ilitoka. Kama mulimwambia boss masaa manne na imechukua masaa kumi na moja, mupelekee hiyo karatasi Jumatatu asubuhi pamoja na orodha ya pale mulipokwama, halafu mupange tarehe ya jaribio lingine kabla hamjatoka mu mkutano.